TV ya QLED imegeuka njano au bluu? Usikimbilie kununua kioo

Mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ikiwa imekolea, mama mmoja wa Uyole aliingia dukani kwetu Mwanjelwa, kijana wake nyuma kabeba TV ya inchi 55 iliyofungwa shuka. Tulipoiwasha ilikuwa saa ya taarifa ya habari. Mama akaonyesha kwa kidole: "Mwanangu, hebu mwangalie huyo mtangazaji. Si ana homa ya manjano huyo?"

Kweli bwana, uso njano, shati jeupe kama limefuliwa kwa maji ya matope. Kwingine alikopita alishaambiwa kioo kimekufa, na kioo cha inchi 55 ukikipigia hesabu unakaribia bei ya TV mpya. Nikamuuliza swali moja tu: "Mama, hii imeshawahi kufunguliwa?" Akasema ndiyo, taa za ndani ziliungua umeme uliposumbua, fundi akaweka nyingine. Nikajua shida ilipo kabla sijashika bisibisi.

Kioo cha TV hizi hakitoi mwanga chenyewe. Nyuma yake kuna mistari ya taa ndogo za LED, sisi mafundi tunaiita stripu. Kwenye TV ya LED ya kawaida, taa hizo ni za bluu zilizopakwa unga wa njano. Bluu ikichanganyika na njano, jicho linaona nyeupe. QLED haina unga huo. Taa zake ni bluu tupu, na weupe unatengenezwa mbele ya taa, kwenye karatasi moja nyembamba ya plastiki yenye umanjano wa chungwa. Ndani ya karatasi hiyo mna nukta za kwanta.

Nukta hizo ni fuwele ndogo mno, za nanomita 2 hadi 10, wakati unywele mmoja una unene wa nanomita 80,000 hivi. Rangi yake inatokana na ukubwa, ni kama ngoma: ngozi ileile, lakini kubwa inaunguruma na ndogo inalia kwa sauti nyembamba. Zikipigwa na mwanga wa bluu, zile ndogo hutoa kijani, zilizozidi kidogo hutoa nyekundu, na bluu inayobaki inapenya. Kwa kuwa kijani na nyekundu hizo ni safi, nyanya kwenye picha inaiva kweli. Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov walipewa Nobeli ya kemia mwaka 2023 kwa kazi ya nukta hizi, japo TV zenye nukta zilishaingia sokoni tangu 2013.

Sasa TV ya mama. Fundi aliyetangulia alifunga stripu nyeupe. Mwanga ambao tayari una njano ndani yake ukaingia kwenye karatasi, karatasi ikala bluu kidogo iliyokuwepo, na mtangazaji akaugua. Tukang'oa, tukaweka stripu za bluu za modeli yake. Kabla ya kufunga nikamwita mama aje aone. Taa zikiwaka peke yake, meza nzima ilikuwa bluu, mikono yetu kama ya maiti. Nikaitandika karatasi nusu tu: upande ule ukaanza kuwa mweupe. Nikaongeza zile karatasi mbili zenye mistari zinazokaa juu yake, weupe ukakamilika. "Kumbe hela yangu yote iko hapo!" akasema. Hakukosea sana.

Kwa hiyo ukipeleka QLED popote, siyo lazima kwetu, mwambie fundi apige picha mpangilio wa karatasi kabla hajatoa hata moja. Usikubali akukatie karatasi ya TV nyingine kubwa. Nukta zinaharibiwa na hewa na unyevu, ndiyo maana kiwandani huzibwa katikati ya tabaka mbili za kinga. Ukikata, ukingo unabaki wazi, na kwa ndugu zetu wa Tukuyu mvua haiwapi nafasi ya kubahatisha. Baadhi ya QLED nukta zimo kwenye lile bamba jeupe la kusambaza mwanga wa taa, hazina karatasi ya pekee, basi usimtuhumu fundi wizi bure. Na karatasi iliyoharibika msiichome wala msiwape watoto wachezee: nyingine zina kadimiamu, ambayo ni sumu.

TV ya LED ya kawaida iliyogeuka bluu au zambarau baada ya miaka kadhaa ni ugonjwa mwingine. Unga wa njano umechoka kwa joto. Hapo pia cha kubadili ni stripu, kioo chenyewe hakina shida.

Ukiwa mbali, Tunduma au Chunya, tutumie kwanza picha ya lebo ya nyuma tutafute stripu za modeli yako kabla hujapoteza nauli. Na ukiisafirisha, isimame wima. Ukiilaza juu ya magunia ya viazi, hapo kweli utanunua kioo.