Mkutano umesogezwa: michango ya bima ya afya (SHA) na tiba za watoto wetu

Wapendwa wazazi na walezi wa watoto wenye ulemavu, salamu kwenu nyote.

Mkutano wa Jumapili sasa utafanyika Jumamosi hii, saa nane kamili mchana, katika ukumbi ule ule wa kanisa hapa Kayole, kwani Jumapili pana harusi.

Ajenda ni moja. Tangu SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ichukue nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, ile Sh500 ya kila mwezi tuliyoizoea haipo tena. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, usiopungua Sh300 kwa mwezi, na sisi tusio na mshahara hukadiriwa mapato kwa maswali, kisha tunatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Maswali hayo yajibiwe kwa utulivu. Mimi niliyajibu nikiwa safarini ndani ya matatu, mtoto akinivuta mkono, na kiasi kilichotokea kilinishtua.

Wanaopokea Sh2,000 za Inua Jamii, ile ruzuku ya serikali ya kila mwezi, wasidhani kwamba tayari wamesajiliwa SHA. Ni mipango miwili tofauti.

Tafadhali mje na:
1. Kitambulisho chako na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.
2. Kadi yake ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, au fomu ya tathmini ya hospitali.
3. Risiti za tiba ya viungo na ya usemi, hata zilizofifia.
4. Sh100 ya chai.

Naomba kila mmoja athibitishe hapa kabla ya Alhamisi saa mbili usiku, akitaja idadi ya watoto atakaokuja nao, ili tupange watakaowaangalia.

Asanteni.
Katibu