Niliwaambia Ngazi, Mkaniuzia Sakafu

Buruburu,
Nairobi.
14 Julai 2025

Meneja wa Mauzo,
Duka la Mashine za Usafi,
Eneo la Viwandani,
Nairobi.

Kwa Meneja,

KUH: KICHWA CHA MASHINE KISICHOFAA KUSAFISHIA NGAZI ZENYE ZULIA

Mimi ni mteja wenu. Tarehe 3 Juni nilinunua dukani kwenu mashine ya kuoshea mazulia kwa maji ya moto, pamoja na kichwa chake cha kunyunyizia na kufyonza maji na mpira unaokiunganisha na mashine, vyote kwa shilingi 164,000. Risiti ninayo na ujumbe wa M-Pesa haujafutika. Mashine haijaharibika, na hilo nalisema mapema ili msihangaike kunitumia fundi. Inawaka, inapasha maji, pampu inasukuma na mota inavuta. Malalamiko yangu ni kwamba niliwaeleza kazi moja, nanyi mkaniuzia chombo cha kazi nyingine.

Kazi yangu ni kusafisha nyumba za watu, mimi na vijana wawili. Wateja wangu wengi wameng'oa zulia la sebuleni wakaweka vigae, lakini la ngazini wameliacha. Watoto huteleza, na mtu akishuka saa kumi usiku kwenda kazini hataki kuamsha nyumba nzima. Kwa hiyo ngazi ndizo zinazonilisha. Mwaka mzima nilikuwa nazisugua kwa brashi na kimashine kidogo cha nyumbani, hadi nikachukua mkopo chamani ili ninunue chombo cha kazi.

Nilimweleza kijana wenu wa kaunta kwa Kiswahili kisichohitaji mkalimani: nataka mashine ya kusafisha ngazi zenye zulia. Kwanza akanionyesha ile mashine ya mviringo ya kung'arisha sakafu, yenye brashi ya inchi 17. Nikamwuliza kama aliwahi kupanda ngazi. Akacheka, akaenda nyuma, akarudi na hii. Kichwa chake kina upana wa inchi 12 na kimefungwa kwenye mkono mrefu wa chuma uliopindwa ili mtu afanye kazi akiwa amesimama wima. Nikauliza tena kama kitaenea kwenye kidato cha ngazi. "Madam, hii inapiga kila kitu," akasema, akafungua kijitabu chenu chenye picha ya mama mmoja aliyevaa aproni, anatabasamu, kichwa kama hicho kikiwa kwenye ngazi. Chini ya picha mmeandika kwamba kinafaa kwa sakafu na ngazi.

Ile picha nimekuja kuitazama vizuri baadaye. Imepigwa kidato cha chini kabisa. Mama amesimama sakafuni, miguu yote miwili iko tambarare. Kidato hicho hata mimi nakisafisha kwa kichwa chenu bila shida. Vinavyonishinda ni vile vingine.

Kazi ya kwanza niliyoipeleka mashine ilikuwa Kileleshwa, Jumamosi. Vidato 15, zulia la sufu la rangi ya chai ya maziwa, na katikati ngazi inakunja kona, vidato vitatu vikikatwa kama vipande vya keki. Mimi hupima kabla ya kuanza. Sehemu ya kukanyagia ilikuwa na kina cha inchi 10, uso wa wima inchi 7, na kutoka ukutani hadi kwenye reli inchi 36. Kwenye ile sehemu ya kukanyagia kichwa chenu kinakaa, sikatai. Ila unapokivuta kuja kwako kinafika kwenye ukingo wa mbele, na hapo inabidi ukigeuze kifuate ule mviringo, kisha kishuke na uso wa wima. Kwa mkono mfupi unageuza kiganja tu. Kwa mkono mrefu kama wa jembe lazima uunyanyue hewani upande wa nyuma yako, na ukiunyanyua mdomo wa kichwa unaachana na zulia. Ukingo wa mbele ndipo kila mguu unapotua, ndipo uchafu ulipojishindilia, na ndipo hasa mashine yenu inapoacha kuvuta.

Mtu wa kazi hii husikiliza mota kama dereva wa matatu anavyosikiliza injini. Kichwa kikishika zulia, sauti inasikika imebanwa. Kikipitisha hewa, inapiga mluzi. Siku ile nilisikia mluzi kutoka kidato cha pili hadi cha kumi na tano. Kwenye vidato vya kona ndiyo ilikuwa balaa: upande mwembamba una inchi 4, kichwa kina inchi 12, kwa hiyo theluthi mbili ya mdomo inaning'inia ikifyonza hewa ya Kileleshwa. Kijitabu kinajivunia kwamba mota inavuta inchi 120 za maji, yaani nguvu ya kunyanyua maji hadi kimo hicho. Sawa, lakini kipimo hicho hakikuchukuliwa kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 kama huu wetu, ambako hewa ni nyepesi na mota yoyote huvuta pungufu. Hatuna nguvu ya kumwaga, sembuse ya kuvujisha.

Maji tuliyoyapiga na hatukuyafyonza yalishuka kidato hadi kidato. Matundu ya kunyunyizia yako nje ya kichwa, hayana kifuniko, na kwenye uso wa wima yalirudisha matone ya udongo kwenye ukuta mweupe. Kijana wangu mmoja akageuka kuwa mtu wa ukuta, kitambaa mkononi, asubuhi nzima. Kando ya ukuta ulibaki mstari wa upana wa vidole viwili ambao kichwa hakikuufikia, nikaumalizia kwa magoti na brashi yangu ya zamani.

Kuna na mpira. Mliniuzia wa futi 15. Ngazi ya vidato 15 vya kipimo hicho ina urefu wa futi 15 na ushee ukinyoosha kamba moja kwa moja kutoka chini hadi juu, na mpira haunyooki kama kamba, tena lazima upinde ile kona. Mashine haikuweza kubaki chini sakafuni inapotakiwa. Tulilazimika kuipandisha kwenye kona ya katikati: kilo 30 za mashine na lita 40 za maji, yaani kilo 70, imeegemezwa ukutani na kijana wa pili ameikingia goti isije ikateremka. Ingeteremka, barua hii ingekuwa ya namna nyingine.

Siku ya tatu mteja alinitumia picha, akasema zulia bado ni baridi mkononi. Juni ya Nairobi mnaijua, jua halitoki, lakini zulia lililofyonzwa sawasawa hukauka kufikia kesho yake hata Juni. Na kwenye ukingo wa kila kidato kulikuwa na mstari wa kahawia kama chai iliyomwagika. Mwenye nyumba akadhani nimetumia sabuni kali. Sikutumia. Mgongo wa zulia lile umefumwa kwa nyuzi za juti, na juti ikilowa ikakaa na maji, rangi yake ya kahawia hupanda na unyevu na kubaki kwenye ncha za manyoya wakati maji yanapokauka. Nilirudi nikaitoa kwa maji yenye asidi hafifu, nikiyapiga kidogo kidogo na kuyafyonza papo hapo. Nilienda Kileleshwa mara tatu kwa kazi ya siku moja, na katika shilingi 7,500 tulizokubaliana nimelipwa nusu. Simlaumu mteja. Mimi pia nisingelipa zote.

Safari ile ya mwisho sikubeba kichwa chenu. Niliazima kwa rafiki yangu wa South B kile kidogo cha inchi 4 cha kusafishia viti, cha kushika mkononi, chenye matundu yaliyofichwa ndani ya kifuniko na kidirisha cha plastiki kinachokuonyesha rangi ya maji yanayorudi. Mashine ni ile ile yenu, mota ile ile. Mluzi uliisha. Nilianza kidato cha juu nikishuka, nikivuta kutoka nyuma ya kidato, nikigeuza kiganja ukingoni na kuteremka na uso wa wima kwa mvuto mmoja, kisha mvuto wa pili bila maji, wa kukausha. Maji yalikuja ya kahawia kama uji wa wimbi, yakapauka, yakawa meupe, nami nikajua pa kuachia. Kwa kichwa chenu sikuwahi kuona nini kinarudi. Nilikuwa nakisia.

Kasoro ya kile kidogo ni kwamba kinachosha. Kidato cha inchi 36 kinataka mivuto 9, na vidato 15 ni mivuto 135 ya kulowesha, hapo hujahesabu ya kukausha. Jioni kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba. Cha inchi 6 kingenipa mivuto 90, kingeenea kwenye uso wa wima wa inchi 7, na kwenye vidato vya kona ningekilaza kwa pembe. Hicho ndicho chombo cha ngazi. Na ninyi mnacho. Niliporudi dukani tarehe 1 Julai nilikiona kwa macho yangu, rafu ya tatu kushoto, kimetundikwa pamoja na vya kusafishia viti vya magari. Kijana wenu alipita mbele yake siku ile ya kwanza akienda kuniletea hiki kikubwa. Sijui kama hakujua au kama hiki kikubwa kina faida zaidi, na sitaki kumchongea. Lakini hakuniuliza kidato kina upana gani, wala ngazi ina vidato vingapi, wala zulia ni la sufu au la nailoni. Mtu akienda kununua kiatu huulizwa namba.

Nilipopiga simu niliambiwa mambo mawili. La kwanza, kwamba mashine haina kasoro. Nimeshakubali. La pili, kwamba risiti imeandikwa bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 16, inasema kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayotaka kuifanya, akategemea ujuzi wa muuzaji ambaye biashara yake ndiyo hiyo, basi bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo kwa kiasi cha kuridhisha. Mimi sikuja dukani nikitaja jina la mashine wala la kiwanda. Nilitaja kazi. Katiba yenyewe, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike na alichonunua, na maelezo niliyopewa ni kwamba inapiga kila kitu.

Ninachotaka si kikubwa. Mchukue kichwa hiki cha inchi 12 mnipe kile cha inchi 6 chenye matundu ya ndani, na tofauti ya bei mnirudishie, maana kwa bei za rafuni kile ni nafuu zaidi. Mnibadilishie mpira wa futi 15 kwa wa futi 25. Mpira mrefu hupunguza mvuto kidogo, hilo nalijua na nitalibeba, afadhali hilo kuliko kijana wa watu kuzuia kilo 70 kwa goti. Mnilipe shilingi 3,750 nilizokosa Kileleshwa. Na lile neno "ngazi" mlifute kwenye kijitabu chini ya picha ya yule mama, au mpige picha nyingine akiwa kidato cha tisa.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisiposikia kitu, nitapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na fedha zangu nitazidai katika Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na haimlazimishi mtu kuja na wakili. Ningependelea tusifike huko. Duka lenu lina vifaa vizuri, na mashine yenyewe, nikiifunga kichwa cha kuazima, naipenda.

Kichwa chenu kiko ndani ya katoni yake. Nimekiosha, nimekikausha, na mkwaruzo mmoja ulio upande wa kulia ni wa reli ya Kileleshwa. Naweza kukileta siku yoyote ya juma kabla ya saa tatu asubuhi. Baada ya hapo huwa niko kwenye ngazi za watu.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu, mwenye biashara ya usafi wa nyumba,
Buruburu.

Viambatisho: nakala ya risiti, picha za zulia siku ya tatu, ukurasa wa kijitabu chenu.