Hesabu ya skrini haitambulishi ndege

Mhariri,

Kila inapopokelewa ndege mpya, kurasa za habari hujaa picha za chumba cha marubani, na mara nyingi maelezo yaliyo chini ya picha hutaja ndege nyingine kabisa. Kosa huanza pale mwandishi anapotazama skrini kwanza. Skrini zitazamwe mwisho.

Chukua skrini tano. Dash 8 Q400, zile zilizobandikwa jina la pangaboi, zina skrini kubwa tano. ATR 72-600 tano. Embraer 190 tano. Airbus A220-300 tano. Boeing 787-8 tano. Tatu kati ya hizo ziko Air Tanzania peke yake, kwa hiyo mwenye kuhesabu skrini bado hajaanza kazi.

Aanze na kile rubani anachokishika. A220 haina usukani. Ina fimbo fupi pembeni, ya rubani mkuu ikiwa upande wake wa kushoto na ya msaidizi upande wake wa kulia, na magoti yote yako wazi. Kati ya zile tano ni yenyewe tu iliyo hivyo. Embraer ina usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Ukiona usukani wa kawaida, zimebaki Q400, ATR na 787.

Hapo shuka kwenye nyenzo zilizo katikati ya viti. 787 ina mbili za nguvu, moja kwa kila injini, na mbele ya macho ya kila rubani kuna kioo kinachopitisha mwanga kikining'inia kutoka darini. Q400 na ATR zina nne: mbili za nguvu, na mbili za kurekebisha mzunguko wa panga na kukata mafuta. Nyenzo nne hizo zimewaponza wengi, wakadhani ni ndege ya injini nne kama Airbus A340. Cessna Caravan inazidi: injini moja, nyenzo nne. Ya dharura, ya nguvu, ya panga na ya mafuta. Kwa hiyo usihesabu tu, soma maandishi yaliyo kando ya kila wenzo.

Kutenganisha Q400 na ATR ndiko kugumu zaidi, maana skrini zote tano zimepangwa mstari mmoja. Tazama darini: ATR imejaa vitufe vya mraba vya kubonyeza, Q400 imejaa swichi za kupandisha na kushusha. Picha ikiwa safi, kuza sehemu ya wenzo wa flapu, yale mabapa ya nyuma ya bawa. Q400 imeandikwa 0, 5, 10, 15, 35. ATR 72-600 imeandikwa 0, 15, 30. Namba hizi ni ushahidi mzuri kuliko chochote kingine pichani, kwa sababu hufuata umbile la bawa, na bawa halibadilishwi kwa mtindo. Boeing 737 ina mlolongo mrefu, kutoka UP na 1 hadi 40. A320 ina 0, 1, 2, 3 na FULL.

Skrini, kwa upande wake, hubadilishwa. FedEx ilichukua DC-10 za zamani, ikaziwekea skrini bapa na kuondoa kiti cha mhandisi wa ndege, zikaitwa MD-10. Caravan nazo ziko za geji za mviringo na ziko za skrini, ndege ni ileile. Skrini hufaa ukishaijua familia: 737 utaitambua kwa usukani na magurudumu mawili makubwa meusi yenye alama nyeupe, moja kila upande wa nyenzo za injini, kisha skrini sita zitakwambia ni kizazi cha 737-800, na nne pana ni MAX.

Ile kanuni ya mtaani, kwamba fimbo ni Airbus na usukani ni Boeing, ina matundu. Fimbo ya pembeni iliingia ndege za abiria za Airbus na A320 mwaka 1988. A300 na A310 zilizotangulia zina usukani. Na A220 yenyewe ilizaliwa Bombardier, ikiitwa CSeries.

Pia picha hugeuzwa kulia-kushoto na wasanifu wa kurasa. Kwenye 737 na A320, wenzo wa magurudumu ya kutua, wenye kichwa cha umbo la gurudumu, uko kulia kwa skrini za kati, upande wa rubani msaidizi. Ukiuona kushoto, picha imegeuzwa, na hapo hata maandishi yatasomeka kinyume.

Kuna mahali pa kusimama. A319, A320 na A321 hazitofautishwi kwa chumba cha marubani, wala 787-8 na 787-9. Andika "familia ya A320" au "Boeing 787" na uishie hapo, isipokuwa namba ya usajili inaonekana. Mara nyingi hubandikwa kibao kidogo kwenye dashibodi: 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda. Picha ikiwa na kibao hicho, kitafute kabla ya yote niliyoyataja hapo juu.

Msomaji wako,
Kipawa, Dar es Salaam