Mpeni kazi naye, msimfanye mgeni kwao

Wanangu mnaolea watoto wengi na mmoja wao ana ulemavu wa viungo, leo naandika nimekasirika, mnivumilie.

Juzi nilikuwa kwenye nyumba moja, watoto saba, wa nne anatembea kwa magongo. Mgeni akauliza huyu yuko darasa la ngapi, mtoto yupo palepale anasikia, wakamjibia watu watatu! Baadaye kazi zikagawiwa, huyu vyombo, yule kufagia, yeye akaambiwa we kaa tu pumzika. Apumzike amefanya nini? Nilimwangalia usoni, ile haikuwa raha jamani.

Mi polio ilinipata mdogo na kwetu tulikuwa tisa. Mama alinipa kazi za kukaa, nguo za nyumba nzima nilikunja mimi, madaftari ya wadogo zangu nilikagua mimi, nikizembea nagombezwa kama wenzangu na nikikorofishana na kaka hakuna wa kusema mwacheni huyo. Ndugu zangu hawakunionea huruma wala wivu, walinidai zamu yangu basi. Mtoto asiyedaiwa kitu anajua mapema kwamba hahesabiwi, halafu akishakuwa mtu mzima mnalalamika hajiwezi, angejiweza saa ngapi?

Na si nyie tu. Shule ngazi tupu, choo kiti mwendo hakipiti mlangoni, majirani wanauliza eti mama yake alikosea nini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ni wa 2006, ibara ya 23 inazitaka serikali zizipe familia taarifa na msaada mapema ili watoto hawa wasifichwe wala kutelekezwa. Haya, msaada wenyewe umefika kwa wangapi?

Mengine kwa kifupi. Akizaliwa na nyayo zilizopinda awahishwe hospitali wiki za mwanzo, plasta inanyoosha wengi bila upasuaji mkubwa. Nguo zinarithiwa, kiti mwendo hapana, kikimzidi kinampinda mgongo na kumletea vidonda. Magongo yapimwe upya kila anaporefuka.

Halafu yule dada mkubwa mliyemkabidhi mdogo wake utadhani kamzaa yeye, anambeba, anamuogesha, masomo yanayumba, na wavulana wamekaa tu wanaangalia. Gaweni zamu bana. Na huyo anayeogeshwa naye aulizwe anataka kuogeshwa na nani, keshakua, ana aibu zake.