Nani anashika bureti?

Morogoro, Jumapili usiku

Mama Salma, shoga yangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mvua tu ndiyo imetukalia. Tangu Idi sijakuandikia, unisamehe. Leo nina jambo linaninyima usingizi.

Matokeo ya mwanao Zuhura umeyasikia: fizikia B, kemia B, baiolojia A. Shemeji yako keshakata shauri, kidato cha tano akasome PCB (fizikia, kemia na baiolojia) Kilakala, ya wasichana, au mojawapo ya zile shule 26 za wasichana, moja kila mkoa wa Bara. Hoja yake kubwa ni St. Francis ya Mbeya, wasichana watupu, walivyoongoza nchi nzima kidato cha nne mwaka 2018. Nikamwambia, Baba Zuhura, wale wanachujwa kwa mtihani kabla hawajavuka geti. Kilakala nayo ni ya vipaji maalumu. Mtoto kaingia tayari ni moto, utajuaje kama kilichompaisha ni kutokuwepo wavulana? Tukabishana mpaka ugali ukapoa.

Ila Septemba nilikwenda shuleni kwao kulipa mchango wa chakula, nikapita dirishani pa maabara. Meza nne. Kila meza mvulana ndiye anafungua koki ya bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia kemikali, mwenzake anatikisa chupa, na Zuhura wangu kashika daftari, anaandika namba anazosomewa. Eti ana hati nzuri. Mama Salma, roho iliniuma. Sisi kwenye shule yetu ya wasichana nani alitushikia? Unakumbuka ulivyovuta pipeti kwa mdomo ukameza, matroni akakunywesha maziwa? Kesho yake ukaishika tena.

Halafu nakumbuka chuo. Semina za mwaka wa kwanza, wavulana wamejaa, jibu ninalo kichwani na mdomo sikuufungua muhula mzima. Hilo nalo shule yetu haikutufundisha.

Zuhura mwenyewe anataka shule ya mchanganyiko, wavulana na wasichana pamoja. Juzi tunachambua mchele akaniambia, "Mama, huko nitaishika kwa sababu wavulana hawapo. Mimi nataka niishike wakiwepo." Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina. Lakini moyo wangu bado uko kwa wasichana, hii miaka miwili tu, mikono izoee. Nikifumba macho naiona ile daftari.

Wewe unafundisha shule ya mchanganyiko kila siku, niambie ukweli. Darasani kwako nani anashika bureti? Unawapanga wewe au wanajipanga? Ukiwaweka wasichana meza yao siku ya praktikali wanachangamka, au wanajiona wametengwa? Waliotoka shule za wasichana wakija kwako kidato cha tano, wanachukua muda gani kuanza kunyoosha mkono? Na Salma ulimpeleka wapi mwishowe, au bado mnavutana na babu yake?

Nijibu kabla dirisha la kubadili tahasusi halijafungwa. Dagaa wamefika, Bi Mkubwa anakuombea dua kila akila.

Wako,
Mama Zuhura