Mdogo wangu, usiku ule sikuwa na korona

Mdogo wangu,

Mama kaniambia siku hizi unaamka usiku umelowa jasho, kisha unakaa kitandani unalia na hujui unalilia nini. Pole sana, mwaya. Huenda ni dalili za kukaribia kukoma hedhi. Miaka 47, umri uleule nilioanza mimi. Ila mimi nilianza mwaka 2020.

Joto lilinipanda kutoka kifuani hadi usoni, moyo ukanienda mbio, nikatoka sebuleni kutafuta hewa. Ukawavuta watoto nyuma yako. Ukanipima: nyuzi 36.8. Ukapima tena, zilezile. Bado ukaniweka chumba cha nyuma siku 14. Sahani unaitua mlangoni, unagonga mara mbili, nasikia ndala zako zikikimbia. Siku ya nne majibu yakaja, sina korona. Mlango hukuufungua.

Homa haiji na kuondoka ndani ya dakika tano. Estrojeni, ile homoni ya kike, ikipungua, ubongo hauvumilii tena joto: mwili ukipata moto kidogo tu, unaona umezidiwa, unafungulia jasho. Ongeza hofu, ongeza habari za vifo asubuhi na jioni, ongeza kukesha. Nani angenieleza? Kliniki yangu ilikuwa imeahirisha miadi yote isiyo ya korona.

Kwa hiyo wewe usisubiri. Nenda kwa daktari, na usimtajie joto peke yake. Mwambie na kulia, na hasira, na usingizi. Zipo dawa za homoni, na asiyefaa kuzitumia zipo nyingine. Ukipitisha mwaka mzima bila hedhi halafu ukaona damu, siku hiyohiyo nenda. Na wanao waambie mapema, wasije wakadhani umewachukia.

Najua unamfikiria mdogo wao. Ndiyo, nilimfokea kwa ajili ya kijiko, akatetemeka. Lakini nilikuwa na wiki tatu sijalala, nimetoka kwenye chumba kile juzi tu, na hakuna aliyeniambia hata samahani. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Wengine mnaosoma mtuwie radhi, haya ni ya nyumbani.

Wewe ndiye uliyenifulia mashuka yale yote, kila asubuhi, umevaa barakoa mbili. Hilo nalo sijalisahau.

Leo nitakupigia saa tisa usiku. Najua utakuwa macho. Pokea.