Kruza ya kila siku: pima chini kabla hujapenda tanki

Karakanani kwetu, Busia upande wa Uganda, kuna kipande cha mbao ya mvule chenye kimo cha sentimita 12 kamili. Kimekula oili mpaka kimekuwa cheusi. Mteja akija na picha ya kruza, ile pikipiki ya siti ya chini, kwenye simu na kuuliza, "Fundi, hii itanifaa?", tunamwambia ailete yenyewe, au twende naye inakouzwa. Anaikalia, na nyuma yake anakaa yule atakayembeba kila siku. Kisha tunasukuma ile mbao chini ya injini. Ikipita bila kugusa, mazungumzo yanaendelea. Ikikwama, tunaomba pesa ibaki mfukoni kwanza.

Tunaandika haya kwa sababu maswali ya kruza yamekuwa mengi. Kwa miaka mingi kazi yetu ilikuwa boda tu: kubadilisha cheni, kukaza klachi, kuziba pancha. Na ilistahili, maana jina lenyewe boda boda lilizaliwa hapa mpakani, enzi za baiskeli zilizovusha watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka. Siku hizi wanakuja pia walimu, wauguzi, mawakala wa forodha, wafanyabiashara wa nafaka. Wamechoka kubanana kwenye teksi, gari hawalitaki kwa gharama zake, na boda wanaona haiwatoshi kwa safari za mbali. Wanataka pikipiki iliyotulia, ya kukaa mgongo umenyooka na miguu imefika chini, injini inayonguruma pole pole. Kwa ufupi wanataka kruza, tena ya katikati: kubwa kuliko boda, lakini isiwe lile dude lenye injini ya ukubwa wa cc 1,000 na zaidi linalohitaji watu wawili kuligeuza kwenye uga wa nyumba.

Ni chaguo zuri, nasi tunazipenda hizi pikipiki. Lakini kruza ni kitu kizuri kinachojiuza chenyewe. Mtu anaona tanki linang'aa, anaona siti ya chini, anasikia sauti, na mkono umeshaingia mfukoni. Hakuna anayeinama kutazama tumbo la pikipiki, na tumbo ndilo litakaloamua maisha yake na barabara zetu.

Mmoja wetu alijifunza kwa hasara. Alinunua kruza iliyotumika ya cc 400, nzuri ajabu, akaanza kuendea kazini nayo. Kwa siku nne mambo yalikuwa shwari. Siku ya tano alimbeba mkewe na gunia dogo la mchele kuelekea Majanji. Mbele ya shule moja kuna tuta ambalo boda hulivuka bila dereva kupunguza gia. Yeye alilivuka taratibu kabisa, na bado tumbo likatua juu ya tuta kwa mlio ambao hatujausahau. Nati ya kumwagia oili ilikwaruzwa, ikaanza kudondosha. Hakuona. Taa ya oili ilipowaka alikuwa ameshaenda mbali. Injini ilipona kwa sababu alizima papo hapo na kuisukuma, mkewe akiwa na mchele kichwani. Wiki hiyo hiyo tulikata ile mbao.

Sasa twende kwenye namba, maana ndipo tofauti inapoonekana. Kruza nyingi zimetengenezwa kwa lami tambarare, kwa hiyo zimelala chini. Honda Rebel 500 na Kawasaki Vulcan S zote mbili zina nafasi ya karibu sentimita 13 kati ya tumbo na ardhi. Royal Enfield Meteor 350 na Bajaj Avenger 220 zina karibu 17. Ukisoma kwenye karatasi, sentimita nne ni upana wa vidole viwili vitatu, utasema si kitu. Lakini namba hizo hupimwa pikipiki ikiwa tupu. Weka watu wawili na mzigo, shokomzoba zinazama, na ile 13 inakuwa 10 au pungufu, wakati 17 inabaki 14. Tuta lililojengwa na wanakijiji wenyewe baada ya mtoto kugongwa halifuati kipimo cha mhandisi yeyote. Na barabara ya udongo mwekundu baada ya mvua za Aprili huacha mfereji katikati na kingo ngumu pembeni, na kruza iliyolala chini hukalia kingo hizo kama mtumbwi kwenye mchanga.

Kuna dawa ndogo. Shokomzoba za nyuma za pikipiki zote nne tulizotaja zinaweza kukazwa, na watu wengi hawajui kwamba zina ngazi. Ukikaza ngazi mbili tatu kabla ya kubeba mtu, unapata sentimita moja au zaidi na safari inakuwa tulivu. Tunafanya hivyo kwa dakika kumi. Lakini kukaza hakugeuzi Rebel kuwa pikipiki ya njia ya shamba, na fundi atakayekuambia hivyo anakutafutia hasara.

Jambo la pili ni mgongo wako. Kwenye boda, ukiona shimo unanyanyuka kidogo, magoti yanakula kishindo. Kwenye kruza nyingi vikanyagio vimesogezwa mbele, huwezi kunyanyuka, na kishindo chote kinapanda uti wa mgongo. Tena nyuma mwendo wa shokomzoba ni mfupi; kwenye Vulcan S gurudumu la nyuma lina milimita 80 tu za kupanda na kushuka. Anayekwenda kilomita tano za lami kila siku hataona tatizo. Anayetoka kijijini kilomita 20 za mashimo ndipo afike lami, tunamsihi afikirie tena, hata kama tunakosa biashara yake.

Urefu wako nao una neno. Siti ya Rebel iko sentimita 69 tu kutoka ardhini, na hakuna mteja wetu aliyewahi kuikalia asifike chini kwa nyayo zote mbili. Akina dada wengi wanaotaka kujiendesha wenyewe huipenda kwa hilo, na wana haki, maana kusimama kwenye matope ukiwa na kilo 190 chini yako ni suala la usalama. Meteor ina siti ya sentimita 76 na nusu, na uzito ule ule. Vulcan S ni nzito zaidi, karibu kilo 230, lakini siti yake ni sentimita 70 na nusu na vikanyagio vyake vinaweza kusogezwa mbele au nyuma kulingana na urefu wa miguu. Usinunue kabla hujaisukuma kinyumenyume ukiwa umeikalia, kwenye mteremko mdogo. Hapo ndipo uzito unapojitambulisha.

Abiria je? Hapa Uganda pikipiki ya mtu mmoja ni ndoto. Utambeba mke au mume, mtoto wa shule, shangazi anayekwenda kanisani. Siti ya nyuma ya Rebel ni ndogo, inafaa safari fupi. Meteor na Avenger zimetoka India, ambako watu hubebana kama sisi, na siti zao za nyuma zinaonyesha. Na kwa mama anayevaa gomesi: nguo hiyo ni pana na ni ndefu, na gurudumu la nyuma halina huruma. Pikipiki nyingi za India huja na kinga ya nguo kando ya gurudumu kwa sababu ya sari. Kama ya kwako haina, tunaitengeneza ya chuma na kuichomelea vizuri. Hata hivyo tunaomba akina mama wakae miguu ikiwa pande zote mbili, wala si upande mmoja. Kruza ina siti ya nyuma yenye mteremko, na mtu aliyekaa upande hana pa kujishikia pikipiki inapoondoka.

Halafu kuna matairi, na hili karibu kila mteja hulisahau. Tairi la boda utalipata hata dukani kwa muuza sukari. Rebel inavaa saizi ya 130/90-16 mbele na 150/80-16 nyuma. Vulcan S inavaa 120/70-18 mbele na 160/60-17 nyuma. Zunguka Busia nzima, kisha Tororo, kisha rudi utuambie umeyaona wapi. Mara nyingi yanaagizwa Kampala au Nairobi, na ukiagiza siku tairi limeshapasuka, pikipiki itakaa wiki mbili ukipanda boda. Ushauri wetu: siku unayonunua pikipiki, nunua na tairi moja la nyuma, plagi, vitambaa vya breki, kebo ya klachi na chujio la oili, uviweke nyumbani. Usidanganyike pia na jina. Avenger ni Bajaj kama Boxer, lakini spea za Boxer haziingii humo. Injini yake ni ndugu ya ile ya Pulsar 220, pikipiki nyingine ya Bajaj, ulizia huko.

Rimu nazo utazame. Za Rebel, Vulcan S na Meteor nyingi ni za kumimina na tairi halina tyubu, pancha unaiziba pembeni ya barabara kwa kuchomeka kizibo cha mpira na kujaza upepo kwa pampu. Zenye spoki hutaka tairi livuliwe, na kuvua tairi pana la kruza kwa vyuma vya boda ni kazi ya kuvunjana vidole.

Mafuta hayatakusumbua sana. Rebel ina tanki la lita 11.2, na ikiendeshwa kwa utulivu inakaribia kilomita 27 kwa lita, kwa hiyo kutoka Busia hadi Kampala, karibu kilomita 200, inafika na kubaki na akiba. Meteor hula mafuta pungufu ya hayo, na tanki lake ni lita 15.

Kwa anayekwenda Kampala kila wiki, suala ni nguvu. Njia ya Bugiri, Iganga na Jinja imejaa malori ya mizigo yanayotoka mpakani, na kulipita lori refu kunahitaji injini yenye pumzi. Meteor ina nguvu farasi 20 tu. Inatembea vizuri kwenye kilomita 80 hadi 90 kwa saa, lakini kupita lori la trela lazima upange mapema na uone mbali. Rebel ina zaidi ya mara mbili ya nguvu hiyo, na Vulcan S inaizidi Rebel. Kuna jambo jingine watu hawalijui. Barabara ya kulipia ya Kampala–Entebbe, iliyofunguliwa 2018, haipokei pikipiki ndogo. Inaingiza zile tu ambazo injini yake inazidi cc 400, kwa kundi moja la ada na magari madogo. Rebel 500 inapita. Meteor 350 hapana. Na zile kruza za Japani zinazoitwa 400, kama Yamaha DragStar 400, kwa hesabu halisi ni cc 399, kwa hiyo nazo zinabaki kwenye barabara ya zamani.

Hizo za Japani zinastahili neno la haki, maana ndizo nyingi sokoni kwa bei ya kuvutia. Japani ilikata daraja la leseni kwenye cc 400, ndiyo sababu viwanda vyao vilitengeneza kruza nyingi za kiasi hicho: Honda Steed na Shadow, Kawasaki Vulcan 400, DragStar. Chuma chake ni kizuri sana. DragStar haina hata cheni, inaendeshwa kwa shafti, yaani fimbo ya chuma iliyofunikwa, na kwenye vumbi letu hiyo ni neema kubwa. Lakini nyingi ni za kabureta, nyingi hazina breki za ABS, zile zinazozuia gurudumu lisijifunge, na mipira yake imekauka kwa umri. Ukiipata, lete tuikague mipira ya kabureta, bomba za breki na sili za shokomzoba za mbele kabla ya kulipa. Na ile mbao, bila shaka.

Mkituuliza sisi, mteja wa kawaida wa Busia, anayechanganya lami na udongo na kubeba mtu nyuma, tungempeleka kwenye Meteor 350, au Avenger 220 kama mfuko ni mwembamba. Rebel 500 tungempa mtu mfupi au anayeishi kwenye lami na kusafiri peke yake. Vulcan S ni ya anayekwenda Kampala mara kwa mara na ana pa kuiegesha salama. Mwalimu mmoja wa huku Lumino alibishana nasi mwezi mzima akitaka Vulcan. Tulikwenda naye mpaka nyumbani kwake, tukapima tuta la kwanza, la pili na la tatu. Alinunua Meteor.

Mkivuka kwenda Kenya nayo, beba kadi ya usajili yenye jina lako, leseni yenye daraja A, na bima ya kadi ya njano ya COMESA, ile inayotambulika nje ya mpaka. Helmeti mbili, wala si moja.

Ukaguzi kabla ya kununua tunaufanya Jumanne hadi Jumamosi, asubuhi, injini ikiwa baridi. Tafadhali usiiwashe kabla hujafika. Ukiiendesha kuja kwetu, tutasubiri ipoe. Na uje na huyo utakayembeba.